Daftari la Mama Mugawaji

Mwanamke kijana alishuka kwenye taxi-moto mbele ya nyumba yangu hapa Manika, Jumamosi saa nne asubuhi, na kabla hajakaa alikuwa ameshaliweka daftari juu ya meza. Sikuhitaji kulifungua. Jalada jeusi, mgongo mwekundu, kona moja imegugunwa na panya, na juu yake jina langu kwa mwandiko ambao sikuwa nimeuona kwa zaidi ya miaka thelathini: Odette. "Mama, mi njo Kapinga," alisema. "Mutoto wa Tata Kazadi. Tata alitutoka, mwezi yenye ilipita, kule Mbuji-Mayi. Hii nilikuta mu sanduku yake, chini ya bilamba byake bya kuvaa." Nilimshika mikono, nikampa pole, nikalia kidogo. Kusema kweli nililia zaidi ya kidogo. Alikuwa na paji la uso la baba yake, na alijua kusubiri mtu amalize, kama mama yake.

Nilipotulia akanieleza kazi yake. Yuko Lubumbashi, anachunga kompyuta. "Bamasini iko mingi, Mama, mia na mia, tunazipanga makundi-makundi. Kazi inaingia kila dakika, lelo nyingi, kesho kiloko, hakuna mutu anaweza kuigawa na mukono. Basi tuko na programu yenye inajifunza yeye pekee. Inaangalia bya jana, inakisia bya kesho, inajua kundi gani itabeba nini. Mi nilizania njo maarifa ya sasa. Kumbe Tata alifanya ile ile, hapa Kolwezi, na bamasini tatu!" Akafungua daftari mahali alipokuwa ameweka kipande cha karatasi. "Nilisoma yote, naelewa yote. Kintu kimoja tu kinanishinda. Hii P7. Haikukuwako mbele, inaingia ghafla, kiisha daftari inakatika. P7 ilikuwa kazi gani?"

Nikamwambia kwanza ale. Mimi ni mtu wa kukimbilia jikoni, nimekuwa hivyo maisha yangu yote, na wajukuu wangu wanajua kwamba nikianza kukoroga sufuria wakati hakuna mwenye njaa, kuna jambo ninalikwepa. Nikabandika maji ya bukari, ugali wetu wa huku. Nikaanza kuchambua lengalenga jani moja moja, taratibu, kama mtu aliyelipwa kwa siku. Sebuleni nilimsikia akifungua kurasa. Nilikuwa nimeusubiri mwaka ule wa P7 urudi kunidai tangu nikiwa na miaka ishirini na minne, ila sikudhani ungekuja na pikipiki, umevaa miwani, ukiniita Mama.

Nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, hayo hayana nafasi hapa. Inatosha kusema nilifika Kolwezi kwa treni kutoka Kasaji nikiwa na cheti cha shule na viatu vya dada yangu, nikapata kazi kwenye chumba cha kompyuta cha kampuni moja ya migodi. Chumba chenyewe nakikumbuka kuliko nyumba nilizolala. Kilikuwa baridi mpaka tulivaa sweta katikati ya Oktoba, na tukitoka nje watu wa sokoni walitucheka. Sakafu ilikuwa imeinuliwa juu ya nyaya, ukitembea inalia kama tumbo. Mashine zilikuwa tatu, kubwa kama makabati ya nguo, na hatukuzipa majina ya maana: Namba Moja, Namba Mbili, Namba Tatu. Namba Moja ilikuwa na nguvu. Namba Mbili ilikuwa ya wastani. Namba Tatu ilikuwa mgonjwa wa kudumu, kwa sababu kila kifaa kikiharibika kwenye zile nyingine, cha badala kilikuwa kinang'olewa kwake, na umeme ukikatika tu, kazi iliyokuwa ndani yake inabidi ianze upya tangu mwanzo. Umeme ulikatika kila siku. Mgodi ulikuwa unaporomoka, magari yamelala juu ya mawe, vipuri haviji, na cha ajabu ni kwamba kadiri kazi ya kweli ilivyopungua, ndivyo makaratasi yalivyoongezeka. Ofisi zote zilitaka kompyuta, zote leo, zote asubuhi. Mabehewa ya reli, dawa za hospitali, hesabu ya mawe, posho ya unga kwa familia. Aliyekuwa na sauti kubwa ndiye aliyetangulia, na wengine walikuja na kuku. Siku moja mtu wa mabehewa na mtu wa dawa walishikana mashati mbele yangu, karatasi zikatapakaa chini, nikakaa nusu siku nikizitenganisha.

Ingénieur Kazadi, ambaye sote tulimwita Tata, yaani baba, ingawa hakuwa amefika miaka arobaini, ndiye aliyekuwa mkuu wa programu. Alikuwa mwembamba, mpole, mbishi hata kwa mambo ya kijinga. Alizaliwa hapa hapa Kolwezi, kwenye nyumba za kampuni, lakini babu yake alikuwa ameletwa na reli kutoka Kasai, na kwa hiyo kwenye kadi yake, mahali pa asili, paliandikwa Kasai. Wakati ule hakuna aliyesoma sehemu ile ya kadi. Baada ya ugomvi wa mashati alijifungia wiki nyingi, akatoka na programu ya kugawa kazi. Nilimwuliza inafanyaje. Tulikuwa kwenye chumba cha nyuma, tumefungua beseni alilotuma mkewe, Mama Ntumba: bukari imefunikwa na kitambaa, samaki thomson na nyanya, na chupa ya munkoyo. "Odette, angalia mama mu nyumba," alinijibu. "Anapimaka bukari na kilo? Hapimake. Anakumbukaka. Huyu jana alibakisha, huyu anatoka ku mugodi, huyu anakuwa na homa. Akikosea, kesho anarekebisha kiloko. Kiloko tu, hageuze nyumba yote. Programu yangu iko vile." Tangu siku ile tukaiita Mama Mugawaji.

Ila Mama huyu hakuwa na macho. Saa ya mashine ilikuwa inakufa na umeme, kwa hiyo hakuweza kujua mwenyewe kama kazi imechelewa au la. Macho yake yalikuwa mimi. Kila alasiri kabla ya kuondoka niliandika kwenye daftari kila kazi, imekwenda mashine gani, na mwisho wa mstari neno moja, muzuri au mubaya. Kila kitu kingine pale ofisini kiliandikwa kwa Kifaransa, lakini Tata Kazadi alisema Mama Mugawaji hakusoma shule ya masista. Jumamosi, sisi wengine tukiwa nyumbani, yeye alikuja peke yake, akaingiza alama zangu za wiki nzima, akazibana kurasa hizo ili nisirudi nyuma kuzirekebisha, na Mama akajifunza. Mkurugenzi mwenyewe alitia sahihi tangazo lililobandikwa mlangoni: hakuna mkono wa mtu kupanga kazi, awe nani. Kuku wakaisha. Mtu wa dawa na mtu wa mabehewa wakaanza kusalimiana. Na mimi nilijiona mwalimu. Tata Kazadi alikuwa amenipa amri moja tu, na alinipa huku ameninyooshea kidole chenye mchuzi: "Usimudanganye. Hata siku moja. Ukimuandikia bubongo moja, kintu yenye si kweli, ataijifunza, na hautajua itatokea wapi." Niliichukua amri ile kama watu wanavyochukua ubatizo.

Halafu maneno ya redio juu ya watu wa asili ya Kasai yakabadilika. Sitayarudia, waliokuwepo wanayajua na wasiokuwepo hawayahitaji. Ninachokumbuka ni jinsi yalivyoingia ofisini. Kwanza yalikuja kama utani. Mtu anasema, hee, ninyi watu wa Kasai mumekalia biti byote, na mwenyewe wa Kasai anacheka. Baadaye yakaja bila kicheko. Nikasikia mlango wa pili, wanawake wawili wa ofisi ya barua wakigawana nyumba za majirani zao ambao walikuwa bado wamo ndani: "Mi nitakamata ile ya kona, iko na muti ya avoka." Ukutani karibu na lango mtu aliandika neno bilulu, wadudu, na lilikaa pale wiki nzima, na watu wote, mimi nikiwemo, tulipita tukiangalia upande mwingine. Stesheni ikaanza kujaa familia na magodoro, wanasubiri treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Beseni la Mama Ntumba liliendelea kuja. Alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza iliyoshika baada ya tatu zilizotoka, na daktari alikuwa amemwambia asibebe hata ndoo. Tata Kazadi hakuzungumza habari za redio hata mara moja. Alichosema, akiangalia kalenda, ni hiki: "Mutoto anazaliwa kiisha juma sita. Kama tunafika pale na tuko mu nyumba yetu, na hospitali iko karibu, bingine byote nitaweza."

Wiki iliyofuata ikaja P7. Ofisi ya wafanyakazi iliagiza kompyuta ipange watu kwa asili zao, sehemu moja baada ya nyingine: karakana kwanza, halafu hospitali, ghala, reli, na mwisho kabisa ofisi, yaani sisi. Wote walijua orodha ni ya nini. Jina lako likitoka, barua inakuja, na nyumba ya kampuni unaihama ndani ya siku tatu. Na hapa ndipo Mama Mugawaji alipofanya kosa. Kwa maisha yake mafupi alikuwa amezoea kwamba kazi zinazoanza na P ni vijikaratasi vyepesi, na vyepesi hupelekwa Namba Tatu. Akaipeleka P7 huko. Kazi nzito ya kupekua mafaili yote ya watu, juu ya mashine isiyoweza kumaliza asubuhi moja bila kuzimika! Ilianza Jumatatu, ikaanguka, ikaanza upya, ikaanguka. Shefu Kalenga, mkubwa wa chumba, alizunguka akitukana kimya kimya, lakini tangazo la mkurugenzi lilikuwa mlangoni na hakuthubutu. Orodha ya karakana ilitoka Alhamisi mchana. Nilipiga hesabu kwa vidole chini ya meza. Sehemu nne zimebaki, kila moja wiki nzima. Kabla ya barua ya ofisi na siku tatu zake kuisha, mtoto angekuwa ameshazaliwa.

Na alasiri ile ya Alhamisi, nikiwa nimekwisha kupiga hesabu hiyo hiyo, nilifungua daftari, nikaandika kazi zote, na nilipofika P7, Namba Tatu, nikaandika mubaya. Mkono ulienda wenyewe. Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilisimama katikati ya barabara, baiskeli zikinikwepa. Mubaya ile ingemfundisha Mama kuihamishia P7 kwenye mashine yenye nguvu. Nikajiambia, neno moja si kitu, Mama hurekebisha kidogo tu. Na kweli, Jumatatu iliyofuata orodha ya hospitali ilikwenda tena Namba Tatu. Nilishukuru Mungu. Wiki ile Shefu Kalenga aliniita pembeni. "Odette, weye uko mutoto wa hapa," alisema. "Kile kiti cha Kazadi, hakitabakia wazi. Nimeshakutaja." Nilirudi kwenye meza yangu. Ijumaa orodha ikaisha, nikafungua daftari, na safari hii mkono haukwenda wenyewe. Nilikaa na kalamu hewani mpaka wengine wakaondoka. Ningeandika muzuri, hakuna binadamu angejua. Lakini nilimsikia, usimudanganye, nikaona kidole chenye mchuzi, na nikaandika mubaya kwa herufi nzuri. Nimejiuliza miaka yote hii kama kiti nacho kilikuwa kimeshika kalamu. Naapa sivyo. Lakini mtu aliyekalia kiti haapi kwa sauti kubwa.

Jumatatu ya tatu Mama Mugawaji aliipeleka P7 Namba Moja. Orodha ya ghala ilikamilika kabla beseni la chakula halijafunguliwa. Ofisi ya wafanyakazi walipoona hivyo, wakaleta sehemu zote zilizobaki kwa mkupuo, na kufikia Jumatano printa ilikuwa inatoa majina ya ofisi. Nilisimama mbele yake. Karatasi inapanda, inakunjwa, inapanda. Kazadi alikuwa amesimama nyuma yangu, na jina lake lilipopita hakufanya lolote, alirekebisha tu karatasi iliyokuwa inataka kukwama. Kisha akasema, kwa sauti ya kazi, "Ameshajua." Alikuwa anamsema Mama Mugawaji. Sikuweza kugeuka.

Niliwafuata Tata Kazadi na mkewe stesheni mara moja tu, siku ya tano ya kusubiri treni, na bukari na ndagala kwenye beseni lao wenyewe nililokuwa nimebaki nalo. Nilipita katikati ya magodoro mengi mno. Kapinga alikuwa amezaliwa asubuhi ile, kabla ya siku zake, chini ya plastiki la bluu, wanawake wasiomjua mama yake wakishikilia kanga kuzunguka. Mama Ntumba alikuwa amelala, uso wa majivu, akanitambua, akaniuliza kama nimeshakula. Tata Kazadi alipokea beseni, akawagawia watu wote waliokuwa karibu, bila kupima, na akabaki na lile lililoshika pembeni. Daftari lilikuwa chini ya kwapa lake, limefungwa kwenye mfuko wa unga. "Mama Mugawaji anaendelea kujifunza?" akauliza. Nilikuwa nimekuja kumwambia. Nilikuwa nimeipanga sentensi njia nzima. Nikasema, "Anaendelea, Tata." Na nikarudi nyumbani. Miezi miwili baadaye fundi wa reli alituambia kwamba Mama Ntumba hakufika. Damu ilimwisha kwenye behewa la wazi, kabla ya kufika Kamina. Wakati huo nilikuwa nimekalia kile kiti. Mama Mugawaji aliendelea kugawa kazi zilizokuwa zinapungua kila wiki, mpaka Namba Mbili ikafa, halafu Namba Moja, na ya mwisho kusimama ilikuwa ile mgonjwa.

Kwa miaka yote nilijiegemeza kwenye jambo moja. Jumamosi zile mbili za mwisho, nilijiambia, mtu mwenye mke katika hali ile hakuwa na kichwa cha kusoma daftari. Aliingiza alama bila kuangalia. Hakujua kamwe ni mkono wa nani. Na nilipomaliza kupakua bukari, nikaona sina mboga nyingine ya kuchambua, nilirudi mezani nikamwambia Kapinga yote, tangu P7 hadi plastiki la bluu, nikiangalia sahani. "Ni mi," nilisema. "Mama yako angezalia hospitali. Ni mi niliandika." Bukari ikaanza kushika ngozi juu. Kisha akasema, kwa sauti kavu ya watu wa kazi yake, "Alama ilikuwa ya kweli. Namba Tatu haingeweza." Nikamjibu kwamba najua ilikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo inayonitafuna.

Akaligeuza daftari upande wangu. "Mama, haujaangalia muzuri." Sikuwahi kuziona kurasa zile baada ya yeye kuzibana Jumamosi, kumbukeni, na daftari alilichukua. Pembeni mwa kila mstari, kwa wino wa kijani, kulikuwa na alama ndogo ya kukubali. Mistari michache ilikuwa imekatwa kwa kijani hicho hicho, mahali nilipokosea, na yale aliyoyakata hakuyaingiza. P7 ya kwanza, alama ya kijani. P7 ya pili, alama ya kijani, imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Aliisoma. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, mkewe nyumbani na miguu imevimba, na mstari mmoja wa kijani ungetosha. Nilimkasirikia marehemu mbele ya mtoto wake, niliwaka hasa, nikasema, "Sasa yeye alikuwa mutu wa namna gani?" Kapinga akavua miwani, akaifuta. "Njo nilikuja kukuuliza weye," alisema. "Mi niliishi naye tu."

Tulikula bukari ya baridi, yeye na mimi, kutoka sahani moja. Baadaye nilichukua kalamu yangu ya bluu, ile ya orodha za soko, nikakata mubaya ya pili, na juu yake nikaandika muzuri. Ni uongo. Ndio uongo pekee katika daftari lile lote, na hakuna mashine iliyobaki ya kujifunza kwake. Nilidhani Kapinga ataninyang'anya kitabu cha baba yake. Alikisoma kile nilichoandika, akanyoosha mkono, akaichukua kalamu, na pembeni, karibu na tundu la wino wa kijani, akaweka alama ndogo ya kukubali.